Mtoto wa kemo (dawa za kansa) joto likifika 38 mnatoka usiku huo huo, hakuna cha kusubiri asubuhi

Dada acha kusoma, mchukue mtoto mwende hospitali. Sasa hivi. Haya mengine utayasomea kwenye bajaji.

Wachangiaji wote hapo juu wamekujibu kuhusu lishe na wivu wa kaka yake, na wote wamepita juu ya ule mstari mmoja ulioandika katikati kama jambo dogo tu, kwamba jana usiku alipanda 38.4, ukampa Panadol ikashuka, leo kachangamka na kala vizuri, kwahiyo utawaambia kliniki Jumatatu. Mtoto wa miaka 4, leukemia, yaani kansa ya damu, wiki ya tatu ya kemo, na leo ni Jumamosi. Mi nilivyofika hapo nikaweka simu chini. Hayo maneno niliyasema mimi, kwenye sebule yangu Mbagala, na nilimwambia mke wangu ambaye alikuwa ameshafunga begi.

Na kuna mmoja kaandika "homa ni kawaida ya kemo, mpe maji mengi". Ndugu yangu naomba ufute hiyo komenti, nakuomba kwa heshima zote.

Sasa nikueleze. Binti yangu alikuwa na miaka 5, leukemia hiyo hiyo ya ALL. Ilianza na miguu kuuma, tukatibu malaria mara tatu, mpaka pua ilipoanza kutoka damu usiku haikati ndo tukafika Muhimbili wakampima damu na uroto wa ndani ya mifupa. Tukaanza ule mwezi wa kwanza, vinkristini kwenye dripu, sindano za mgongo, na vidonge vya prednisolone kila siku. Siku ya 17 ikawa Alhamisi, masika yenyewe, mvua imeanza saa 10 jioni haijakata. Mi ni fundi friji, nimefika nyumbani saa 4 usiku nimelowa mpaka soksi, mke wangu ananipokea mlangoni kashika kipimajoto, hata pole hamna. "Baba'ke, 38.6." Kashapima mara mbili. Begi liko kwenye kochi, khanga mbili, chupa ya chai, kadi ya kliniki juu yake.

Mi nikaanza hesabu. Mvua, foleni ya Kilwa Road, bajaji mpaka Upanga iliko Muhimbili sijui atataka ngapi, mfukoni nina elfu 18, mkubwa kesho ana mtihani na hamna wa kumuachia. Nikasema mpe Panadol tusubiri asubuhi. Mke wangu akasema daktari alisema 38 tunatoka. Nikamwambia daktari hakai Mbagala. Akampa. Saa 6 akapima, 37.4, nikamwambia "unaona?". Hiyo "unaona" mpaka leo inanichoma, maana nilimnyamazisha mtu aliyekuwa sahihi ndani ya nyumba yake mwenyewe, na yeye akanyamaza kwa sababu mi ndo baba.

Panadol inashusha joto, haigusi bakteria. Hicho ndo kitu sikukielewa. Kemo inaua seli za kansa lakini inapita pia kwenye zile chembe nyeupe zinazopigana na vijidudu, kuna aina yake wanaiita neutrofili, zikishuka chini ya 500 mtoto hana askari kabisa. Kwahiyo bakteria ambao kwangu mimi na wewe hawafanyi chochote, kwake wanaingia kwenye damu wanazaliana saa kwa saa, na homa ndo kengele pekee anayokuwa nayo. Ukimpa Panadol kabla ya kwenda umeizima kengele tu, moto unaendelea. Ni saa dada, hazihesabiwi siku hapa. Wodini mtoto wa kemo akiingia na homa wanataka antibayotiki ya mshipani iwe imeingia ndani ya saa 1 tangu afike, hata majibu ya damu hawayasubiri. Sasa linganisha hiyo saa 1 na Jumatatu yako.

Halafu hilo la kula vizuri. Prednisolone inampa mtoto njaa ya ajabu, wa kwangu alikuwa ananiamsha saa 8 usiku anataka chipsi mayai, mashavu yamejaa kama andazi. Ijumaa ile asubuhi alikula chapati mbili na chai, mi nikasema mgonjwa gani huyu anakula hivi. Ile ni dawa inakula, usiifanye kipimo cha uzima. Na dawa hiyo hiyo inaweza kuficha homa, mtoto akawa na maambukizi makubwa joto lisipande kabisa, kwahiyo ukimuona analegea au anatetemeka kwa baridi wakati wengine mnatoka jasho, mnatoka hata kama kipimajoto kinasema 37.

Sasa nije kwa bwana wa zahanati. Ijumaa mchana homa ikarudi 38.9, na badala ya kwenda Upanga nikampeleka kwenye zahanati ya mtaani kwetu, hatua mia mbili kutoka nyumbani, kuna bwana mmoja ana koti jeupe na sauti ya upole. Nikamwambia mtoto yuko kwenye kemo. Nilimwambia! Kadi nimeiweka mezani kwake, hakuifungua. Akampima kile kipimo cha haraka cha malaria, mstari mmoja, maana yake hamna, akasema malaria "imejificha". Akasema na yutiai pia ipo, mkojo wenyewe hajauomba. Akamchoma sindano ya tako, akatupa syrup, akachukua elfu 15, akaniambia "mzee usihangaike kwenda mjini, hawa watoto tunawatibu kila siku". Hao watoto gani wewe? Mtoto ambaye chembe sahani, zile za kugandisha damu, zimeshuka hachomwi sindano ya tako, damu inavuja ndani ya nyama na pale pale panageuka makao ya bakteria, hilo nilikuja kuambiwa baadae, lakini yeye ndo mwenye koti, yeye ndo alitakiwa ajue, na kama hajui basi aseme sijui nendeni kwa wanaomtibu. Neno moja tu, sijui. Elfu 15 angechukua tu ningempa.

Jumamosi alfajiri nikamshika mguu nimvalishe soksi. Wa baridi. Baridi kama chupa iliyotoka kwenye friji, na hiyo baridi mi naijua, ndo kazi yangu. Magoti yana rangi ya madoa madoa. Kipimajoto kikasoma 36.1 na mimi, nakwambia ukweli, kwa sekunde kadhaa nilifurahi, nikajua homa imeisha. Mama yake akauliza amekojoa saa ngapi mara ya mwisho, tukatazamana, hakuna aliyekumbuka, ilikuwa jana alasiri. Akamuita jina, mtoto akafungua macho akayafunga.

Jirani mwenye bajaji alitoka na bukta hivyo hivyo. Mkubwa tukamuacha kwa mkewe bado amelala. Barabara nyeupe hamna foleni, yani tungeenda Alhamisi usiku tungefika hivyo hivyo, ile foleni niliyoiogopa ilikuwa kichwani mwangu. Mapokezi muuguzi hakuuliza hela, aliuliza homa imeanza lini. Nilitamani niseme uongo. Nikasema Alhamisi. Hakunigombeza, alikimbia tu na kitanda.

Neutrofili zilikuwa 80. Siku 9 aikiyuu, wodi ya mahututi. Pale kwenye tako pakawa jipu, wakapasua, na kwa sababu hana chembe nyeupe kidonda kilichukua mwezi na nusu kufunga, kila kusafishwa analia mpaka anapoteza sauti. Kemo ikasimama wiki 3 katikati ya mwezi wa kwanza, mwezi ambao ndo wa kusafisha uroto. Alipotoka hawezi kusimama, tukamfundisha kutembea upya kwenye korido akishika ile nguzo ya dripu. Daktari mmoja alinikalisha akaniambia watoto wengi hapa kwetu wanapotea kwa maambukizi na kwa kuchelewa, wakati kansa yenyewe ilikuwa imeshaanza kusikia dawa. Wenzetu wa nchi tajiri, kwa leukemia hii ya ALL, wanaopona ni zaidi ya 8 kwenye kila 10, na dawa nyingi za msingi ndo hizi hizi wanazompa mwanao.

Na nyumbani palichafuka. Mama yangu alikuja akasema mke wangu mchafu, vyombo haoshi, ndo maana mtoto kaoza damu. Nikanyamaza tena, kosa la pili. Baadae wodini tukaelezwa kwamba mara nyingi bakteria hao wanatoka kwenye utumbo na mdomo wa mtoto mwenyewe, kemo inachubua kuta za ndani wanapenya. Kunawa mikono lazima, ndio, maji ya kuchemsha, kachumbari weka mbali, lakini hata nyumba ing'ae namna gani homa inaweza kuja, na ikija si uchafu wa mama. Nilimrudia mama yangu nikamwambia hayo mbele ya mke wangu. Wakwe zako wakianza, waonyeshe hapa.

Kwahiyo kwetu sasa sheria ni moja na haina mjadala. 38, tunatoka. Hatupigi simu kwa shangazi, hatupiti duka la dawa. Juu ya friji kuna kopo la Blue Band, ndani kuna kipimajoto, kadi ya kliniki, namba za bajaji wawili waliokubali kuamshwa saa yoyote, na elfu 40 ambayo haiguswi hata unga ukiisha, hata ukiniona nakopa ujue ile ipo. Kipimo ni cha kwapani, njia ya haja kubwa msimuwekee kitu chochote, wala kipimajoto wala dawa. Diklofenaki, ibuprofeni, aspirini hapana, zinachezea damu. Ukifika mlangoni usikae foleni kimya, sema kwa sauti "mtoto wa kemo, ana homa", maneno hayo hayo, na kadi iwe wazi mkononi. Kama umeshampa Panadol sema umempa na saa ngapi, hakuna atakayekugombeza.

Hela isikuzuie. Sisi kemo hatujawahi kulipia, pale Muhimbili kuna Tumaini la Maisha wanabeba matibabu ya hawa watoto, na kina mama waliotoka mbali mpaka Kigoma wanalala hosteli yao. Wale wamesafiri siku nzima na zaidi kwenye basi. Wewe uko Tabata.

Uliuliza mengine, kazi ya mumeo nini na nini, nitarudi siku nyingine, sasa hivi kichwa changu hakipo huko. La kaka yake naweza kukwambia. Wa kwangu mkubwa alikuwa na miaka 9, alikuwa na hasira na kila mtu, anaona dada yake anabebwa yeye anaachwa kwa majirani. Tukampa kipimajoto. Kazi yake jioni ni kupima kwapani, kusoma namba na kuiandika kwenye daftari la mistari, tarehe na saa. Siku moja mwezi wa 7 mi niko kwa mteja Kigamboni akanipigia kwa simu ya mama yake, "baba 38.1, mama anavaa, bajaji imeshakuja". Hakuniuliza twende au tusiende, alikuwa ananipa taarifa. Walikaa siku 5 wodini wakatoka, aikiyuu hata hatukuiona mlango. Daftari hilo lipo, ukurasa ule kapigia mstari mwekundu na rula.

Binti sasa yuko awamu ya vidonge, nywele zimerudi, tumebakiza miezi 14. Anakimbia, ila akichuchumaa lile kovu la tako linavuta, anajishika.

Umeandika uzi saa 2 usiku, sasa ni saa 3 na robo. Mpime tena, hata ukikuta 37 nendeni, kwa sababu jana alipanda na Panadol imeshazunguka humo. Mkubwa kama hamna wa kumuachia mbebe naye, sisi wa Mbagala tumeshalaza watoto kwenye mabenchi sana. Ukifika mapokezi andika hapa neno moja tu, "tumefika". Mimi silali, nasubiri.