Msimzike Rafiki Yenu kwa Neno "Mcheshi"

Wiki iliyopita nilipokea ujumbe wa msomaji mmoja wa Morogoro ambaye, pamoja na wenzake watatu, amefiwa na rafiki waliyekuwa naye tangu shule ya sekondari. Anasema kijana huyo alikuwa na vituko visivyokwisha, na kwamba familia imewaomba marafiki wazungumze siku ya arobaini. Swali lake lilikuwa fupi: "Kaka, tukisimulia vituko vyake, si tutaonekana tumekwenda kucheza kwenye msiba wa watu?" Nilidhani ningemjibu kwa sentensi mbili, nikashindwa, kwa sababu mimi mwenyewe niliwahi kupewa nafasi kama hiyo nikaiharibu mbele ya umati, na hadi leo nikikumbuka huona haya hata nikiwa peke yangu chumbani.

Rafiki yangu alikuwa Mnyamwezi wa Tabora na fundi wa simu pale Kariakoo. Mtaa mzima tuliokuwa tumepanga, huko Mbagala, ulimwita Mjomba, ingawa hakuwa na mpwa hata mmoja. Alifariki akiwa na umri wa miaka 29. Alikuwa na pengo la jino la mbele, alilolipata utotoni alipoanguka kutoka mwembeni, na pengo hilo ndilo lililokuwa mtaji wa mizaha yake yote. Ninyi mnaohudhuria misiba mnaijua ile sentensi isiyokosekana katika wasifu wa marehemu yeyote, awe profesa au mlevi wa kilabuni: "Ameacha pengo lisilozibika." Kila tulipoisikia, Mjomba alinigusa kwa kiwiko, akainua mdomo wa juu kidogo tu ili watu wa mbele wasimwone, kisha akaninong'oneza: "La huyu litazibika. Kazi ipo kwa hili langu, daktari anataka laki mbili."

Alipofariki, wasifu wake niliuandika mimi, kwa kuwa wenzangu wananijua kwa kalamu, na nakiri kwamba niliionea fahari kazi hiyo kuliko ilivyostahili. Niliuandika usiku ndani ya basi, katika safari ya zaidi ya kilometa 800 ya kumsindikiza kwao, nikafuata mtindo ule ule ambao sote tunaujua: alizaliwa, alisoma, alijiajiri, alikuwa mcheshi, mpenda watu na mwenye ushirikiano na majirani. Mkono ulikuwa unakwenda wenyewe, mimi sikuwa nafikiri. Kesho yake nikasimama mbele ya waombolezaji, nimevaa koti la kuazima, nikasoma kwa sauti ya kutosha mpaka nikafika pale: "Ndugu yetu ameacha pengo lisilo..."

Nikamwona. Nilimwona ameinua mdomo, na kiwiko chake nikakisikia ubavuni. Kicheko kilinipanda, nikakibana, kikatoka kama kilio, pumzi zikanikata, wazee wawili wakanishika mabega na kunikalisha, na mama mmoja akawa ananipepea kwa kanga huku akiwaambia wenzake kwamba huyu alimpenda sana mwenzake. Ni kweli nilimpenda, lakini sikuwa nalia. Mmoja wetu aliyekaa nyuma alielewa mara moja, naye akajifunika uso kwa leso, mabega yakimtikisika.

Nilipotulia niliomba nirudi kueleza kilichonipata, nimsimulie Mjomba kama alivyokuwa. Mzee mmoja wa kamati ya mazishi akanijibu: "Kijana, muda umekwenda, na hapa ni msibani, si mahali pa hadithi." Neno lile liliniuma, na sitadanganya kwamba limekwisha kuniuma. Liliniuma zaidi kwa sababu saa moja haikupita kabla ya bibi mmoja wa Kizaramo, aliyeolewa huko miaka mingi, kujilaza njiani mbele ya gari lililobeba jeneza, akitangaza kwamba Mnyamwezi huyu hazikwi mpaka ndugu zake walipe deni la asali. Mzee yule yule wa kamati ndiye aliyetoa noti, tena akicheka mpaka akavua miwani.

Kwa wale waliokulia mahali ambapo utani umebaki kuwa maneno ya vijiweni tu, nieleze kidogo. Katika karne ya 19 wapagazi wa Kinyamwezi walibeba pembe za ndovu kutoka Tabora hadi Bagamoyo, wakikatiza nchi za watu wengine, na huko njiani walihitaji maji, chakula, mahali pa kulala, na hata wa kuwasaidia kumzika mwenzao aliyeishiwa nguvu. Katika kukutana huko, kwa ugomvi na kwa wema, ndipo ulipokomaa utani wa makabila ya njiani, ukiwemo wa Wanyamwezi na Wazaramo. Mtani ana kibali cha kuingia penye kilio akaiga mwendo wa marehemu, akavaa kofia yake, akadai fedha, na mfiwa haruhusiwi kukasirika. Sasa sikilizeni aibu yangu: baba yangu ni Mzaramo. Kibali nilikuwa nacho siku nzima, na bado nikasimama na karatasi kama karani wa mahakama.

Kwa hiyo, mdogo wangu wa Morogoro, jibu langu ni kwamba simulieni, na simulieni kilichotokea. Msituambie kwamba alikuwa mcheshi. Hata wachekeshaji wabaya huandikiwa hivyo. Tuambieni siku ile alifanya nini, alikuwa amesimama wapi, alitamka maneno gani, na nani alikuwepo. Mimi ningeweza kusema kwamba Mjomba alipenda mizaha na makondakta wa daladala, nanyi mngesahau kabla ya kunawa mikono. Lakini nikiwaambia kwamba siku moja, kwenye gari la Mbagala, mtu mzima mwenye ndevu alitoa nauli ya mwanafunzi, na alipodaiwa kitambulisho akatoa daftari lililofunikwa gazeti na kusema kwa huzuni, "Kaka, mimi nilichelewa kuanza," kisha akashuka akiwa amelipa nauli kamili na ya bibi aliyekaa pembeni yake, hapo nadhani mmeshamwona. Semeni kilichotokea, basi. Kabla ya siku yenyewe, nendeni kwa mama yake au kwa mkubwa wa familia, mkae chini, muwasimulie wao kwanza, kwa sababu kituko kinachomchekesha rafiki kinaweza kumshtua mzazi akikisikia kwa mara ya kwanza mbele ya wageni.

Nami niseme hili bila kuficha, hata kama litawaudhi baadhi yenu. Kuna watu ambao rafiki akifa huweka picha waliyopiga naye, tena ile ambayo wao ndio waliotoka vizuri, wakaandika "pumzika kwa amani", kisha baada ya siku tatu wanaweka picha ya chakula. Mama wa marehemu haoni picha hizo, na wengi wa wanaoziweka hawajui hata jina la kijiji chake. Mtoto kama Mjomba aliondoka nyumbani akiwa na miaka 18, akaishi miaka 11 mjini, na miaka hiyo 11 iko kwenu ninyi marafiki. Mkikaa kimya, mmemnyima mama theluthi nzima ya mwanawe.

Siku ya arobaini tulirudi Tabora watu wanne, na wa tano alikuwa mwenye nyumba wetu, aliyekuja kwa nauli yake. Usiku wa kuamkia siku yenyewe tulikaa na mama kwenye mkeka, akatuwekea chai na matobolwa, yale ya viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, nami nikamweleza kwa nini nilishindwa kusoma. Nilimwonyesha hata namna Mjomba alivyokuwa akiinua mdomo. Mama alikaa kimya kwa muda, kisha akauliza polepole: "Hizo laki mbili za jino nilimtumia. Niliuza mbuzi wawili. Kwani hakuliziba?"

Hakuna aliyejibu. Mwenye nyumba akakohoa, akasema labda yeye anajua. Akasimulia kwamba mwezi ule kodi ya miezi sita ilikuwa imechelewa, akaenda kugonga mlango wa Mjomba, na sauti ya ndani ikamjibu: "Mwenyewe hayupo." Akauliza, wewe ni nani? "Mimi ni mpangaji wake, mzee. Hata mimi namsubiri, ninamdai." Mwenye nyumba alicheka akaenda zake. Saa tatu usiku kodi yote ikaingia kwenye simu yake, na ujumbe ukafuata wenye maneno mawili: "Mwenyewe amerudi." Alitoa simu, akampa mama ausome.

Mama aliusoma, akairudisha simu, akamtazama mwenye nyumba kuanzia viatu hadi kofia. "Na wewe ni kabila gani?"

"Mzaramo, mama."

"Kumbe mbuzi wangu wamekuja kuliwa na Mzaramo!" akasema, huku ameshatandika upande wa kanga yake mkekani, na mwenye nyumba akaingiza mkono mfukoni.