Mkwaruzo wa roki bila kuumiza koo: maswali na majibu

Nikiimba kwa sauti ya kukwaruza, wimbo mmoja tu koo linawasha na sauti inakauka. Nakosea wapi?

Unazibana nyuzi za sauti zenyewe. Mkwaruzo usioumiza hutoka juu yake kidogo, kwenye mikunjo laini inayojibana unapoguna ukinyanyua ndoo ya maji. Shika noti ya kati kwa irabu "a", safi, kwa nguvu ya mazungumzo ya kawaida. Ongeza mguno wa ndoo kwa nusu sekunde, kisha rudi kwenye noti safi. Ikirudi na ukungu au kuchelewa kutoka, umebana chini: pumzika, anza upya. Dakika 5 kwa siku zinatosha mwanzoni. Na punguza pumzi! Wengi hupuliza kama wanawasha mkaa, na msukumo huo ndio unaochubua nyuzi. Ukubwa wa sauti mwachie fundi wa mitambo.

Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya roki ya Queen, mzaliwa wa Zanzibar, si alijaliwa koo la peke yake?

Kipaji alikuwa nacho, lakini mbinu pia ilikuwepo. Uchunguzi wa rekodi zake uliochapishwa mwaka 2016 ulikuta sauti yake ya kuongea ilikuwa karibu 117 Hz (mitikisiko 117 kwa sekunde), yaani ya baritoni, sauti ya kiume ya kati, si ya tenori, ile ya juu, kama wengi wanavyodhani. Watafiti walimpiga picha za kasi mwimbaji wa roki akiiga mkwaruzo wake. Ile mikunjo ya juu ilitikisika pamoja na nyuzi za sauti, mara 1 kwa kila mitikisiko 3 ya nyuzi. Ndiyo mikunjo ile ile ya mguno wa ndoo, kwa hiyo usikate tamaa kwa sababu unaongea kwa sauti nzito.

Noti za juu zinanipasukia.

Chunguza irabu kabla ya kulaumu koo. "I" na "u" hufunga njia juu kabisa, kwa hiyo zilegeze: neno "siku" likifika kileleni liimbe karibu na "seko". Msikilizaji atasikia "siku". Zoezi lake ni "nye nye nye", kwa sauti kali ya mtoto anayedhihaki mwenzake, ukipanda nusu toni kwa nusu toni. Kidevu kikianza kunyanyuka, shuka toni moja.

Kabla ya hapo pasha sauti kwa mrija: uzamishe sentimita 2 kwenye glasi ya maji, vuma ndani yake ukipanda na kushuka, dakika 3 hadi 5. Viputo vikikatika katika, pumzi yako haijatulia.

Asali na tangawizi zinasaidia?

Zinatuliza koo, lakini hazigusi nyuzi za sauti. Hata maji hayapiti hapo, yangepita ungepaliwa. Kunywa tangu asubuhi, usingoje kupanda jukwaani.

Bendi ikianza najikuta napiga kelele.

Hujisikii. Omba spika ya jukwaani ikuelekee, na maiki ikae sentimita 3 kutoka mdomoni. Usikifumbate kichwa chake, itapiga mluzi.

Sauti imekauka wiki ya nne sasa, ingawa sina mafua.

Acha mazoezi yote, hata ya mrija, na umwone daktari wa masikio, pua na koo azitazame nyuzi kwa kamera. Huenda ni vinundu, yaani vijiuvimbe kwenye nyuzi za sauti; vikiwahiwa, mara nyingi hupungua kwa mapumziko na tiba ya sauti, bila upasuaji.