Msitume mialiko tu, angalieni siku za malipo

Dada uliyeuliza kwa nini chuo chenu hapa Atlanta kimetuma mialiko ya zabuni kwa kampuni za Watu Weusi na hazikujitokeza hata tatu, mimi nimekaa upande wa pili wa meza hiyo. Mimi na mke wangu tunapika chakula cha shughuli, huu mwaka wa tisa.

Tenda yetu kubwa ya kwanza ilikuwa ya hospitali moja, watu 200 kila Alhamisi. Tulipokewa vizuri, hata picha tukapigwa. Mkataba ulisema ankara inalipwa baada ya siku 60. Sasa kuku, mchele na mafuta nanunua kwa fedha taslimu, na vijana wanne nawalipa kila Ijumaa. Kufikia wiki ya saba nilikuwa nimekopa kwa shemeji, nimekopa benki, na hata ankara ya kwanza haijalipwa. Tukajitoa. Nina hakika kwao imeandikwa kwamba tulishindwa kazi, na jambo hilo linaniuma hadi leo.

Waliotuinua ni shirika dogo tu. Ofisa wao wa manunuzi, mama mtu mzima, alikuja jikoni kwetu kabla ya kuandika chochote. Akafungua friji, akahesabu sufuria, akauliza, "Mnaweza kulisha wangapi bila kuumia?" Nikamwambia 80. Akaigawa kazi, sisi tukapewa hao 80, malipo ndani ya siku 15. Mwaka uliofuata tukabeba 150. Na safari moja tulipokosa tenda alinipigia simu mwenyewe, akanionyesha kwamba nimehesabu usafiri mara mbili.

Mji wetu huu unalijua jambo hili tangu zamani. Maynard Jackson, meya Mweusi wa kwanza wa Atlanta, aliyechaguliwa 1973, alitaka 25% ya kazi za uwanja mpya wa ndege ziende kwa kampuni za Weusi na za makundi mengine ya wachache. Wafanyabiashara wakubwa walipinga sana, hakulegea. Wakaingia ubia na wadogo, na jengo likafunguliwa 1980. Mdogo aliijua kazi kubwa kwa kushiriki ndani yake.

Cheti kwamba Mweusi anamiliki angalau 51% ya kampuni tunacho, hicho si kikwazo. Kabla ya mwaliko mwingine, dada, nenda kwa mhasibu wenu umuulize ankara ya mpishi inakaa mezani kwake siku ngapi.