Melankoli ni tabia au ugonjwa?

SWALI: Shikamoo daktari. Kwenye semina ya wanandoa kanisani tuliambiwa mume wangu ni melankoli, yaani mkimya, anawaza sana, anataka kila kitu kinyooke. Sasa kaugua, kwenye faili wameandika sonona yenye melankolia. Ni tabia yake ileile au ni ugonjwa?

JIBU: Marahaba mama. Ni vitu viwili ila chimbuko moja, ndo maana vinachanganya. Wagiriki wa enzi za tabibu wao Hippocrates, miaka kama 2,400 iliyopita, waliamini mwili una majimaji manne, damu, kohozi, nyongo ya njano na nyongo nyeusi, na hiyo nyeusi ikizidi mtu anashikwa na hofu na huzuni isiyoisha, hiyo ndo melankolia na kwao ilikuwa ugonjwa kabisa. Baadaye wakasema hata mzima anaweza kuzaliwa nayo nyingi kidogo ikamjengea tabia, mafundisho ya semina yenu yanatokea huko. Ishaq ibn Imran, tabibu wa Kairouan kule Tunisia, aliandika kitabu kizima juu ya melankolia na akaona wasomi wanaozama mno kwenye vitabu inawapata kirahisi, kikatafsiriwa Kilatini karne ya 11. Ulaya wakaja kuifanya mpaka sifa ya wasanii na wenye akili nyingi, na mimi hilo linaniuma, maana mgonjwa anasifiwa badala ya kutibiwa.

Nyongo nyeusi yenyewe haipo. Ila dalili walizoziona wale wazee ni za kweli na ndo tunazoziandika leo: anaamka saa 9 usiku usingizi haurudi, asubuhi hali mbaya zaidi jioni afadhali kidogo, chakula hakipiti, anaongea na kutembea taratibu mno, anajilaumu kupita kiasi, na kubwa zaidi habari njema haimgusi. Mtu mkimya wa kawaida ukimwambia mtoto kafaulu atatabasamu hata kama hasemi neno, huyu anasikia, anaelewa, uso uko vilevile.

Kwa hiyo mama usimwambie ajikaze. Dawa asiache, nafuu huanza kuonekana baada ya wiki 2 mpaka 4, wengine zaidi, na kwa aina hii ushauri nasaha peke yake mara nyingi hautoshi. Muulize waziwazi kama anawaza kujiua, kumuuliza hakumtii wazo hilo kichwani, na akikubali usimwache peke yake, mpeleke hospitali siku hiyohiyo, msisubiri tarehe ya kliniki.