Namna ya kuzitoa takwimu za serikali ofisini hadi barazani

Kijana mmoja wa Malindi ameniandikia wiki iliyopita: "Dada, nimesomea takwimu na nataka watu wa mtaani kwetu wajue sensa ilisema nini juu yao. Nianzie wapi?" Nilimjibu kwa mkato siku ile, lakini swali lake limenikaa, nami najua wengi wenu mna nia hiyohiyo.

Mimi ni mtu wa Langoni, Lamu, pwani ya Kenya. Sensa ya Agosti 2019 ilipita kwetu nyumba kwa nyumba, makarani na vishikwambi vyao. Mama zetu waliketi madakani wakaulizwa wanateka maji wapi, wanapikia nini, choo chao ni cha namna gani, na wakajibu kila swali. Kisha kimya. Matokeo yalipotoka yalikuwa majuzuu mazito ya Kiingereza, yamewekwa kwenye tovuti ambayo kwa mtandao wa Faza, mji wa Lamu Mashariki, hufunguka kwa kudura ya Mungu. Nikaenda ofisi moja ya umma kuulizia jedwali la maji la Lamu Mashariki. Niliyemkuta mapokezi alinitazama juu hadi chini: "Hizo ni za watafiti, dada. Wewe za nini?"

Neno hilo linaniuma hata leo. Aliyemweleza karani habari za choo chake ni mama yangu, si mtafiti.

Nilirudi na barua. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaruhusu ombi liandikwe kwa Kiingereza au kwa Kiswahili. Niliandika kwa Kiswahili. Ofisi ina siku 21 za kukujibu, ombi lenyewe halilipiwi, na wakitaka pesa iwe ni ya kutoa nakala tu. Wakikunyamazia, peleka lalama ofisi ya Ombudsman, inayopokea malalamiko ya raia dhidi ya ofisi za umma. Mimi sikufika huko, barua ilitosha.

Lakini kupata jedwali si kazi. Kazi ni kulifanya lisemeke. Nilipokwenda nalo barazani Faza nilianza na idadi ya watu: kaunti nzima 143,920, Lamu Mashariki 22,258. Wazee wakaitikia "naam, naam", na mazungumzo yakarudi kwenye bei ya kamba. Nikasema tena: katika kila watu 100 wa kaunti hii, 15 wako Lamu Mashariki. Palikuwa na mvuvi akishona wavu, uzi ameubana kwa kidole cha mguu, na hakuinua hata macho. Akauliza, "Na katika kila shilingi 100 za bajeti, zetu ni ngapi?"

Baraza lote likanyamaza, kisha likapasuka. Mmoja akataka kujua waliohama vijiji vyao kwa sababu ya usalama wamehesabiwa wapi. Swali zuri sana hilo, na jibu lake ni kwamba sensa humwandika mtu pale alipolala usiku ule, hata kama kwao ni kwingine. Basi kijiji kilichokimbiwa huonekana kitupu kwenye karatasi. Mtaalamu hukwambia hayo ukimuuliza. Wale wazee waliyafikia wenyewe kwa nusu saa.

Mwaka huu, kwenye kikao cha maoni ya bajeti, watu hao wamesimama na karatasi yangu mkononi. Afisa akauliza nani kawapa. Niliinua mkono nikiwa nyuma kabisa, na sitaficha kwamba nilijisikia fahari.

Kwa hiyo, mdogo wangu wa Malindi, na nyote mlio na elimu hii: karatasi moja, swali moja. Chagua swali ambalo watu tayari wanalibishania. Andika kwa Kiswahili, herufi kubwa, "katika kila watu 100", na chini uweke mwaka na juzuu ulikotoa, ili atakayepinga akahakikishe. Kisha lisome kwa sauti, urekodi, utume kwenye makundi ya wasap, kwa sababu wapo wasiosoma, nao walihesabiwa vilevile.

Tahadhari moja: idadi ndogo sana usiishushe hadi kijijini. Sensa ile iliandika huntha (watu wenye jinsia mbili) 4 katika kaunti yote ya Lamu. Ukianza kutaja wako kijiji gani, umeshamnyooshea mtu kidole, na sheria ya takwimu ya 2006 ilimwahidi siri.

Elimu ya kukaa nayo kwenye kompyuta yako haimfai mtu. Shahada umepewa, na wazazi wako hawajui kata yao ina watu wangapi? Tokeni. Nendeni sokoni, nendeni bandarini, mkaketi na watu.

Wewe wa Malindi fungua juzuu la pili la sensa ile ya 2019, linashuka hadi kata ndogo. Kaunti yenu, Kilifi nzima, ni watu 1,453,787. Itafute kata yenu humo na ulinganishe na jirani zake. Mpango wa maendeleo wa mwaka hupelekwa bunge la kaunti kufikia Septemba 1, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Karatasi yako iwe imebandikwa sokoni kabla ya Agosti kwisha, na nakala moja umwachie diwani wenu mkononi, mbele ya watu.