Kiinitete kinajuaje kushoto ni wapi?

SWALI: Habari zenu, nimesoma kwamba kuna watu wanazaliwa moyo uko kulia na ini liko kushoto. Sasa kiinitete kikiwa bado kidogo vile na pande zote zinafanana, kinajuaje kushoto ni wapi?

JIBU: Salama kabisa msomaji, asante kwa swali, hili nalipenda mno. Jibu liko kwenye protini mota, yaani zile protini za ndani ya seli zinazotumia nguvu ya ATP (kemikali inayobeba nguvu ndani ya seli) kutembea au kusukuma kitu. Kwenye kiinitete cha panya, moyo hata haujaanza kujipinda, kunatokea kishimo kidogo kinaitwa nodi, na seli zake nyingi kila moja imeota kinywele kimoja, siliamu, kinachozungushwa na mota inaitwa daineini. Hivyo vinywele vimelala kidogo kuelekea mkiani, ndo maana vikizunguka majimaji hayaendi ovyo, yanasukumwa kwenda kushoto, na huo mkondo ndo unafanya jeni ya Nodal, inayoambia seli kwamba huku ni kushoto, iwake upande wa kushoto.

Mwaka 1998 maabara ya Nobutaka Hirokawa kule Japani waliharibu jeni ya KIF3B kwenye panya, hiyo ni kinesini, mota inayobeba vifaa vya kujengea silia (yaani siliamu nyingi). Silia hazikuota, mkondo ukakosekana, na upande wa moyo ukawa wa kubahatisha, huyu hivi yule vile. Afu 2002 maabara nyingine ya Japani ikapitisha majimaji kwa nguvu kwenda kulia juu ya viinitete vya panya, na pande zikageuka kweli! Kwangu mimi hakuna ushahidi mzuri kuliko huo.

Kwa binadamu, Björn Afzelius wa Uswidi alionyesha 1976 kwamba kuna watu silia zao na mikia ya mbegu zao za kiume haina mikono ya daineini, wanasumbuliwa na kikohozi na sainasi miaka yote, wanaume wanapata shida kuzaa, na karibu nusu yao viungo vimekaa kinyume. Si kila mwenye moyo kulia ana shida hiyo lakini, wengi ni wazima kabisa, ila kama kikohozi hakiishi amwambie daktari kuhusu huo moyo, manake hayo mambo mawili yanaweza kuwa na chanzo kimoja.

Na si wanyama wote wanatumia silia. Nzi wa matunda hana nodi, yeye anategemea mota nyingine, miosini 1D, ikiharibika utumbo wake unajizungusha kinyume.