Wiki mbili za ini kabla ya kupunguzwa tumbo

SWALI: Nina miaka 38, kilo 127, na kisukari ninachotibu kwa glibenklamaidi. Wiki tatu zijazo nitafanyiwa upasuaji wa kupunguza tumbo, yaani mfuko wa chakula. Nimeambiwa wiki mbili kabla niache ugali, wali na chapati. Kama tumbo litakatwa, kwa nini nijinyime sasa? – Msomaji, Tanga

JIBU: Dada, mlo huo haulengi mizani, unalenga ini. Ini limelalia tumbo, na daktari anayefanya kazi kupitia matundu madogo lazima aliinue ndipo aone anachokata. Kwa mtu mnene sana mara nyingi ini limejaa mafuta: ni kubwa, zito, na likiguswa huvuja damu upesi. Lisipoinuka, upasuaji huweza kuahirishwa, au daktari akalazimika kupasua kwa mkato mrefu. Ukipunguza wanga, ini hutumia akiba yake ya sukari pamoja na maji yaliyoshikana nayo, likasinyaa. Kwa hiyo usifanye karamu ya kuaga ugali siku mbili kabla. Akiba ile hurudi haraka.

Kwa kawaida ni kalori 800 hadi 1,000 kwa siku, protini isipungue gramu 60. Asubuhi mayai mawili ya kuchemsha. Mchana samaki wa kuchoma gramu 100 na mchicha usio na nazi. Alasiri glasi ya mtindi bila sukari. Usiku kuku asiye na ngozi gramu 100 na kabichi. Hapo protini inakaribia gramu 65. Maji lita mbili. Uji huwaponza wengi: ni mwepesi mdomoni, lakini ni wanga. Hospitali yako ikikupa mpango tofauti, fuata wao.

Linalotutia wasiwasi ni glibenklamaidi. Hushusha sukari hata usipokula wanga, kwa hiyo dozi ileile inaweza kukuletea kutetemeka, jasho, hata kuzimia. Mwone daktari wako kabla ya siku ya kwanza ya mlo akupangie upya, usijipunguzie mwenyewe. Pima sukari kila siku. Ikishuka chini ya 4 (mmol/L kwenye kipimo), koroga vijiko vidogo vitatu vya sukari kwenye nusu glasi ya maji, unywe, upime tena baada ya dakika 15. Hapo usiuonee mlo huruma.

Leo hii anza pia kutafuna hadi chakula kilainike kabisa, tonge dogo dogo, mlo uchukue dakika 20 au zaidi. Usinywe maji ukiwa unakula, wala nusu saa baadaye. Baada ya upasuaji, tonge lisilotafunwa hukwama, likauma kifuani na kukutapisha, na wakati huo kidonda bado ni kibichi.